Fungua Kifuniko cha Nyuma

Hotuba ya fundi wa saa kwa wanachama wa chama cha akiba cha vijana, ukumbi wa jamii, Eastlands, Nairobi

Bwana Mwenyekiti, mama mweka hazina, wazee mliokuja kutusindikiza, na nyinyi wanangu mliosimama hadi mlangoni, hamjambo.

Mwenyekiti aliponialika aliniambia kwamba mzunguko wenu unafungwa Desemba, na kwamba alipowauliza wanachama watafanya nini na zamu zao, watu wanne walisema saa. Saa ya maana, walisema. Sikuja kuwavunja moyo hao wanne. Nimekula kwa saa, nimesomesha watoto watatu kwa saa, na nilimzika baba yangu kwa heshima kwa pesa za saa. Mtu akiniambia anatamani saa nzuri, namwelewa sana. Nimekuja kwa sababu ya kijana mmoja ambaye hayumo humu.

Meza yangu iko chini ya ngazi za jengo moja karibu na River Road. Ni meza ya futi tatu, na baba aliketi hapo kabla yangu. Yeye alifundishwa na fundi wa Kihindi, enzi ambazo Moi Avenue bado iliitwa Government Road na Biashara Street ikiitwa Bazaar Street. Mimi nilishika kibano mwaka 1994 na sijakiweka chini.

Kijana huyo alikuja mezani siku ya Jumamosi. Alikuwa amepata kazi yake ya kwanza, ofisi za Upper Hill, na bado alikuwa na ile shauku ya mtu ambaye mshahara wake ni mpya. Alinikabidhi saa kwa mikono miwili. Usoni ilikuwa na lile taji la Rolex, na vijisaa vitatu vidogo ndani ya uso. Akaniambia, "Mama, imesimama. Na aliyeniuzia alisema haitumii betri maisha yake yote." Nikamuuliza alilipa ngapi. Shilingi 28,000. Elfu kumi na tano zilikuwa zake; zilizobaki zilikuwa mkopo wa simu.

Nikaifungua mbele yake, maana sifungui saa ya mtu akiwa hayupo. Ndani mlikuwa na mashine ya betri, ndogo kuliko mwili wa saa, imeshikiliwa na pete ya plastiki ili isichezecheze. Betri ilikuwa imevuja. Vile vijisaa vitatu vilikuwa rangi iliyochapwa, mishale yake imebandikwa kwa gundi, haizunguki wala haikuundwa izunguke. Mashine ya aina ile mimi huinunua kwa shilingi mia tatu.

Kijana hakusema neno. Aliitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kama ninaweza kuisafisha, kuitia betri na kuifunga tu. Nikafanya hivyo, nikakataa malipo. Alipoondoka nilibaki nimekaa, sikuweza kushika kazi nyingine. Deni lake lilikuwa hai, na kile alichokopea hakikuwahi kuwepo.

Basi nikajiambia, nikipata watu wa kunisikiliza, nitawaambia jambo moja. Ukinunua saa unalipia vitu vinne kwa mkupuo mmoja: mashine iliyo ndani, mwili unaoifunika, jina lililoandikwa usoni, na fundi atakayeifungua siku ikisimama. Muuzaji anakutajia bei moja. Kazi yako ni kuigawa bei hiyo kichwani kabla hujatoa simu mfukoni.

Msije mkadhani nalidharau jina. Jina la kweli lina kazi nyuma yake. Hans Wilsdorf alianza biashara yake London mwaka 1905, akasajili jina Rolex mwaka 1908, baadaye akahamia Geneva. Wakati huo tatizo kubwa la saa za mkono lilikuwa maji na vumbi. Mwaka 1926 kampuni yake ikatoa saa iliyofungwa kwa kukazwa kama kifuniko cha chupa, wakaiita Oyster, yaani chaza. Mwaka uliofuata mwogeleaji Mwingereza, Mercedes Gleitze, aliingia nayo katika maji ya baridi kali ya mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, akakaa humo zaidi ya saa kumi, na saa ikatoka ikitembea. Wilsdorf akanunua ukurasa wa mbele wa gazeti la Daily Mail kuwatangazia watu habari hiyo. Hapo mnaona mambo mawili yakizaliwa pamoja, ubora na sifa za ubora. Tangu siku hiyo mnunuzi analipia yote mawili, na ni juu yake kujua kila moja limechukua kiasi gani.

Sasa tuingie ndani ya saa, kwenye mashine. Hapa nitakaa kidogo, nivumilieni.

Watu wengi wanaamini kwamba saa ya bei kubwa inashika majira vizuri kuliko saa ya bei ndogo. Imani hiyo ilikuwa na ukweli hadi tarehe 25 Desemba 1969. Siku hiyo, mjini Tokyo, Seiko walianza kuuza saa iliyoitwa Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi kuuzwa dukani. Bei yake ilikuwa yeni 450,000, kiasi cha kununulia gari dogo la Kijapani wakati ule. Ndani yake hamkuwa na gurudumu la kupepesuka huku na huko kama lile la saa za kujaza, zile zinazoendeshwa na springi. Mlikuwa na kipande cha jiwe la kwatzi kilichotikiswa na umeme wa betri.

Saa za kwatzi za leo zina kijiwe kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuchaguliwa ovyo. Igawe kwa mbili, kisha tena kwa mbili, fanya hivyo mara kumi na tano, utabaki na moja. Moja hiyo ndiyo sekunde, ndiyo ule mruko mmoja wa mshale mnaouona. Kazi nzima ya kupunguza namba inafanywa na kipande cha elektroniki kidogo kuliko punje ya mtama, na viwanda vilipojifunza kukitengeneza kwa wingi, bei ikaanguka kabisa. Gari dogo likawa nauli ya matatu. Viwanda vingi vya Uswisi vilifungwa katika miaka iliyofuata, na watu wengi wakapoteza kazi.

Leo Casio ya plastiki, ile F-91W iliyotoka mwaka 1989, ile ambayo nusu ya walimu wetu wamewahi kuivaa, watengenezaji wanaahidi haitapotea zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi, na betri yake inakaa takriban miaka saba. Rolex mpya, wenyewe wanaahidi sekunde mbili kwa siku, mbele au nyuma. Zidisha kwa siku 30, unafika hadi sekunde 60. Nasema haya nikiwa naheshimu sana kazi iliyo ndani ya Rolex. Kushika sekunde mbili kwa siku kwa springi na magurudumu ya chuma ni ustadi mkubwa, nao Uswisi yenyewe hutoa cheti cha kronomita, yaani cha usahihi uliopimwa, kwa mashine isiyochelewa zaidi ya sekunde nne wala kukimbia zaidi ya sita kwa siku. Lakini kama unachotaka ni kutochelewa kazini, majira sahihi yamekuwa bei rahisi kuliko jozi ya viatu kwa miaka mingi sasa. Mtu asikwambie unalipia laki kadhaa kwa ajili ya majira. Unalipia ufundi, unalipia chuma, unalipia jina.

Na hilo jina halikai peke yake na mashine yake kama mnavyodhani. Mnajua saa iliyovunja rekodi ya bei Oktoba 2017 mjini New York? Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman. Iliuzwa kwenye mnada kwa dola milioni 17.75. Daytona za zama zile hazikuwa na mashine iliyobuniwa na Rolex kuanzia mwanzo. Zilijengwa juu ya Valjoux 72, mashine ya kiwanda kingine, ambayo kampuni ya Heuer na wengineo nao waliitumia. Rolex waliiboresha, hilo ni kweli. Hata hivyo zile milioni hazikulipia gurudumu hata moja. Zililipia mkono uliowahi kuivaa.

Shukeni sasa hadi kwenye bei zetu. Swatch Group wanamiliki Omega, Longines, Tissot, Hamilton, na vilevile kiwanda cha ETA kinachotengeneza mashine. Kuna mashine moja ya familia hiyo inayotembea saa 80 bila kujazwa, na utaikuta ndani ya Tissot, ndani ya Hamilton, ndani ya Mido na ndani ya Certina, na baadhi yao wameipa jina lao wenyewe. Upande wa Wajapani kuna Miyota, ya Citizen, inayouzia viwanda vya dunia nzima mashine za betri. Nyingi ya saa za mitindo mnazoziona kwenye maduka makubwa ya mjini, zenye uso mweupe mtupu na mkanda mwembamba, moyo wake ni Miyota ya bei ndogo kabisa. Michael Kors ni mbunifu wa nguo na mikoba. Saa zenye jina lake zinatengenezwa na kampuni ya Fossil kwa leseni. Hakuna ubaya wowote katika hilo, na Miyota ni mashine ninayoipenda, haina maringo. Ubaya uko pale unapolipa elfu ishirini ukidhani umenunua utengenezaji wa saa, kumbe umenunua uchoraji wa uso.

Sisi tuna faida moja hapa, na sijawahi kusikia mtu akiitaja. Mshale mfupi ukiwa kwenye saba asubuhi, tunasema nini? Saa moja. Ukiwa kwenye tisa? Saa tatu. Tangu utotoni tumefundishwa kuutazama uso wa saa, kuona namba iliyoandikwa, na kusema nyingine, ile iliyo ya kweli kwetu tunaohesabu tangu jua linapochomoza. Mtoto wa miaka sita anaweza. Basi ustadi huohuo uutumie kwenye maandishi mengine ya uso. Soma kilichoandikwa, kisha jiulize kinamaanisha nini kwako.

Tuanze na maandishi ya nyuma, ambayo watu hawayasomi kabisa. Nendeni nyumbani mgeuze saa zenu. Wengi mtakuta maneno "Stainless Steel Back". Mnaona neno la mwisho? Linasema mgongo. Ni kifuniko cha nyuma tu ndicho chuma kisichoshika kutu. Mwili uliobaki ni madini laini yaliyopakwa rangi ya fedha au ya dhahabu. Jasho la Nairobi mwezi wa Februari halina huruma na rangi hiyo. Baada ya mwaka mmoja, au miwili ukijitunza, rangi inabanduka pembeni pale mkono unapogusa, kisha kinatokea kile kijani kinachochafua ngozi. Wateja huniletea nirudishe rangi. Siwezi. Saa ambayo mwili wake wote ni chuma cha kweli huandikwa "All Stainless Steel" au "Stainless Steel" bila lile neno la mgongo. Neno moja tu, na ndilo linalotenganisha saa ya mwaka mmoja na saa ya miaka ishirini. Ningekuwa na uwezo ningelipaka ukutani River Road nzima.

Maji nayo. Saa ikiandikwa mita 30, usiende nayo kuogelea. Kipimo hicho kinafanywa kiwandani saa ikiwa mpya na imetulia, mpira wake wa kuzuia maji ungali laini. Mita 30 ni mvua na kunawa mikono. Kuogelea anza na 100. Na nyinyi mnaofua nguo kwa maji ya moto na sabuni mkiwa mmevaa saa, huo mpira ndio mnaoupika. Kioo sitakaa nacho sana: cha plastiki kinachubuka lakini ninaweza kukisugua kikarudi, cha kawaida kikichubuka kimechubuka, na cha yakuti kinakwaruzwa na almasi na vitu vichache sana, ila kikipigwa vibaya kinapasuka. Neno "Swiss Made" lina sheria. Tangu mwaka 2017 angalau asilimia 60 ya gharama za kutengeneza saa lazima ziwe za Uswisi, mashine iwe ya Uswisi, na ifungwe na kukaguliwa huko. Asilimia 60, si 100.

Kuna jambo la feki ambalo lazima nilirekebishe, kwa sababu linawaponza watu kila wiki. Mtaani mnaambiana kwamba ukitaka kuitambua Rolex ya kweli utazame mshale wa sekunde: ukiteleza ni orijino, ukirukaruka ni feki. Hiyo ilikuwa kinga zamani. Leo feki nyingi zinatiwa mashine ya otomatiki, yaani ya springi inayojijaza mkononi, kutoka China, na mshale wake unateleza vizuri sana. Na Rolex wenyewe waliwahi kutoa saa ya kwatzi, Oysterquartz, mwaka 1977, mshale ukiruka sekunde kwa sekunde. Uzito nao wanauiga. Kwa hiyo mtu akikuuzia kwa kukuonyesha mshale, ujue anakuuzia kwa ujinga wa mwaka wa jana. Kinachosalia ni kufungua kifuniko cha nyuma mbele ya fundi unayemwamini, na muuzaji wa haki hatakataa. Akikataa, rudisha mkono mfukoni. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi tangu mwaka 2008, na kuuza feki ni kosa. Lakini siku kijana yule alipokuja mezani kwangu, aliyemuuzia alikuwa ameshahama kona.

Wazee wananitazama kana kwamba wanasema, huyu mama anawaambia vijana wavae plastiki. Hapana wazee wangu. Najua ninaishi mji gani. Najua mtu anaingia kwenye mahojiano ya kazi na jicho la kwanza linaanguka kwenye kifundo cha mkono. Najua siku ya ruracio, siku ya mahari, wajomba wanahesabu viatu na saa kabla hawajahesabu mbuzi. Na mwaka 2024, vijana wetu walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, saa za mikononi mwa wanasiasa zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowachoma. Saa inasema kitu, na inasikika. Ninachowaomba ni kwamba mjue inasema nini, na mlipie sauti hiyo kwa pesa mlizo nazo.

Sasa nilinganishe watu wawili wanaokuja kwangu, maana kwao ndiko nilikojifunza thamani ni nini.

Mmoja ni muuguzi wa hospitali ya umma. Anahesabu mapigo ya moyo sekunde kumi na tano, anazidisha kwa nne. Anahitaji mshale wa sekunde mrefu, mwekundu ikiwezekana, juu ya uso mweupe wenye alama zote sitini. Anahitaji saa anayoweza kuipangusa kwa dawa. Mume wake alimnunulia saa nzuri ya dhahabu, ndogo, isiyo na mshale wa sekunde. Anaivaa kanisani na anaipenda. Kazini anavaa nyingine, ya shilingi elfu mbili na mia tano, na nimeibadilisha betri mara tatu. Saa hiyo imehesabu mioyo ya watu.

Wa pili ni mlinzi wa usiku, Industrial Area. Kila mwaka alikuwa akinunua saa ya mnadani ya shilingi elfu moja na mia tano, inang'aa kama sarafu, kwa sababu hakupenda kuonekana na saa ya plastiki. Kila mwaka inakufa. Nikamkalisha, tukapiga hesabu: miaka minane, shilingi elfu kumi na mbili, na hana saa. Kwa elfu kumi na mbili angepata Seiko 5 iliyotumika lakini imara, mwili wa chuma kitupu, inayojijaza kwa kutembea kwake mwenyewe kuzunguka ua usiku kucha. Familia hiyo ya Seiko ilianza mwaka 1963, na ile tano ilikuwa ahadi ya mambo matano: ijijaze yenyewe, siku na tarehe ziwe kwenye dirisha moja, isiingize maji, kifungo cha pembeni kifichwe kwenye namba nne ya uso kisikwaruze mkono, na mwili na cheni viwe vya kudumu. Alichukua moja. Huu ni mwaka wa sita. Nimeiosha na kuitia mafuta mara moja tu. Hapo ndipo ninaposema jina lililingana na kitu, na mzee yule hakumwomba mtu yeyote amtazame mkono. Wanamtazama wenyewe. Kizuri chajiuza.

Kuhusu fundi, hiki ndicho kitu cha nne, na ndicho kinachosahauliwa. Saa yoyote yenye springi inataka kufunguliwa, kuoshwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka mitano hivi, kwa sababu mafuta hukauka na chuma huanza kula chuma. Seiko au Citizen ya kawaida, vipuri vyake tunavipata hapahapa mjini, na kama havipo tunavitoa kwenye saa mbovu nyingine. Saa kubwa za Uswisi, wenye majina huuza vipuri kwa mafundi wao waliowasajili, na gharama ya kuiosha mara moja tu inaweza kununua saa mpya nzuri. Ukinunua saa hiyo bila kuweka pesa za kuitunza, umenunua nusu. Nimewahi kuletewa saa ya jina zito, ya kweli kabisa, na mtoto aliyeirithi kwa baba yake. Ilikuwa imekaa kabatini miaka kumi na miwili kwa sababu baba aliogopa bei ya kuifungua. Nilipofungua niliona ilivyokuwa imejila yenyewe ndani.

Hata betri ina bei mbili. Saa nyingi za kawaida zinatumia ile tunayoiita 626. Kuna ya oksidi ya fedha na kuna ya alkali. Kwa macho zinafanana. Ya alkali inauzwa kwa kadi nzima kwa bei ya kutupa, inashuka nguvu kidogokidogo, na ikizeeka inavuja. Ya fedha inashika volti 1.55 karibu hadi siku ya mwisho. Tofauti ni kama shilingi mia moja. Kijana wangu wa Upper Hill, mashine yake iliharibiwa na betri ya alkali iliyovuja kabla hata haijaharibiwa na uongo wa usoni. Mkienda kwa fundi yeyote, mwulizeni anatia ipi. Asione aibu kujibu.

Nimeulizwa pia kuhusu saa janja. Nunueni kama mnahitaji kazi yake, kuhesabu hatua, kuona ujumbe, kupima mapigo. Lakini ihesabuni kama simu. Betri yake imebandikwa ndani kwa gundi, inazeeka kila inapochajiwa, na baada ya miaka michache programu yake inaachwa nyuma. Hakuna atakayeniletea nimtengenezee ili amwachie mjukuu.

Kwa wale wanne, sasa. Mwenye elfu tano, nunua kwatzi ya Kijapani yenye jina la kiwanda kinachotengeneza saa, mwili wote chuma au plastiki ya kweli, usinunue dhahabu ya kupaka. Mwenye elfu kumi na tano hadi thelathini, tafuta Seiko, Citizen au Orient, mpya au iliyotumika, na ile Citizen inayokula mwanga, Eco-Drive, ni rafiki mzuri kwa mtu asiyetaka kuja kwangu kila mara. Nasema hivyo ingawa inaninyima kazi. Aliye na laki na anataka Tissot au Longines kwa sababu roho yake inaipenda, na hajakopa, mimi nitamsindikiza dukani mwenyewe na nitafurahi naye. Jina hilo limefanyiwa kazi tangu karne ya kumi na tisa, na kuna utamu wa kuvaa kitu kilichotengenezwa na mikono ya watu wanaojali. Ninaujua utamu huo. Saa ya baba yangu, ya kujaza kwa mkono, naijaza kila asubuhi kabla sijapanda matatu, na ule mlio wake mdogo wa kukaza springi ndio unaoniamsha sawasawa.

Kwa anayetaka jina lakini pesa zake hazijafika, nakuomba kama mama yako: usilinunue jina hilo likiwa feki. Subiri, au vaa kingine. Yule kijana alirudi wiki iliyopita. Ile saa hakuivaa. Aliniomba nimtafutie kitu cha elfu tatu, akalipa taslimu, na aliniambia zimebaki awamu mbili za ule mkopo.

Mwenyekiti ananionyesha kwamba muda umekwisha. Nimekuja na lenzi yangu ya jicho, bisibisi zangu na betri sitini za oksidi ya fedha kwenye mkoba huu. Naomba meza moja iletwe hapa karibu na dirisha, penye mwanga. Yeyote mwenye saa aje tuifungue pamoja, bure, aone mwenyewe ndani kuna nini kabla hajaongeza nyingine. Dada mwenye kilemba cha buluu, nimeiona yako tangu nilipoingia. Anza wewe.